Siku moja Orvieto: mwongozo kwa anayetoka Roma asubuhi na kurudi jioni

Vikundi vya mahujaji na wageni wa likizo vikishafika Roma, maswali ninayoulizwa ni yale yale. Orvieto ni mbali? Nipande treni gani? Tiketi inagongwa wapi? Kile kisima chake cha kale cha kushuka kwa miguu kina ngazi ngapi, mama yangu ataweza? Kwa siku moja nitaona nini cha maana? Nimepandisha wageni kwenye mji huo mara nyingi, na majibu yangu yote nayaweka hapa.

Orvieto ni mji wa mkoa wa Umbria, kaskazini mwa Roma, uliojengwa juu ya jabali la tufo, jiwe laini la volkano. Jabali limesimama wima kama meza katikati ya bonde la mto Paglia. Waetruski waliishi juu yake wakiuita Velzna, mpaka Warumi walipouteka na kuuharibu mwaka 264 KK na kuwahamishia watu wake Bolsena. Baadaye mji ulikua tena, na katika karne ya 13 mapapa waliuhamia mara kwa mara. Historia hiyo yatosha kwa kuanzia, mengine utayaona kwa macho.

Kabla ya hatua ya kwanza nikuambie msimamo wangu, maana ndio uliopanga mwongozo huu wote. Wengi wakifika juu hukimbilia kanisa kuu. Mimi nasema kanisa kuu liwe la alasiri. Uso wake umeelekea magharibi, kwa hiyo asubuhi uko kivulini, na dhahabu ya mozaiki zake huwaka jua linapoanza kuteremka. Ngazi nazo zinataka miguu ya asubuhi. Basi tutaanza kwa kushuka kisimani, na kanisani tutaingia baadaye.

Vitu vya kuwa navyo

- Pasipoti au kitambulisho cha ukaaji. Tiketi ya treni ya kwenye simu huwa na jina lako, na mkaguzi ana haki ya kukuomba hati.
- Viatu vya kufunga vyenye soli ya mpira. Barabara za mji ni za mawe, na mvua ikinyesha zinateleza. Kandambili uziache hotelini.
- Kanga, au shuka jepesi. Kanisani mabega na magoti hufunikwa, na kanga ikikunjwa haichukui nafasi. Ukiwa chini ya ardhi itakukinga baridi pia, hata mwezi wa saba.
- Chupa ya maji. Mjini kuna mabomba ya umma yenye maji ya kunywa, utajaza bure. Bomba lenye maandishi "non potabile" si la kunywa.
- Sarafu na noti ndogo za euro. Kadi hukubaliwa karibu kila mahali, lakini ukitaka kahawa moja au choo, sarafu ni rahisi zaidi.
- Simu iliyojaa chaji, na picha ya ratiba ya treni za kurudi.

Mzigo mkubwa usiubebe. Sanduku la magurudumu kwenye mawe ya Orvieto ni mateso, na kisimani ni hatari kwako na kwa wenzako.

1. Chagua siku

Jumapili asubuhi kanisa kuu ni la ibada, na watalii huruhusiwa kuingia mchana. Kwa mpango wetu hilo halina shida. Alhamisi na Jumamosi kuna soko la wazi Piazza del Popolo, penye jibini, matunda, nguo na vyombo vya udongo.

Ukipata nafasi ya kuja mwishoni mwa mwezi wa tano au mwezi wa sita kwa Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, njoo. Siku hiyo mji mzima hutoka barabarani, na mamia ya watu huandamana wakiwa wamevaa mavazi ya karne za kati. Ila uwe umejiandaa kubanana.

Kabla ya kulipa chochote, tafuta neno "sciopero" pamoja na tarehe yako kwenye simu. Maana yake ni mgomo. Treni za Italia hugoma, na hutangaza mapema.

2. Nunua tiketi, kisha uigonge

Treni za kwenda Orvieto huanzia Roma Termini, na nyingi husimama Tiburtina pia. Tafuta Regionale au Regionale Veloce, yaani treni za mkoa. Safari huchukua kama saa moja na robo hadi saa moja na nusu, na bei ya treni hizi haibadiliki hata ukinunua dakika tano kabla ya kuondoka. Intercity pia husimama Orvieto, kwa bei ya juu zaidi. Treni za mwendo kasi kati ya Roma na Florence karibu zote huupita mji huu bila kusimama.

Sasa lile kosa linalowagharimu watu pesa kila wiki. Tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa lazima uigonge, yaani uipige muhuri wa tarehe na saa, kwenye kimashine kilichoko njiani kuelekea jukwaani, kabla hujapanda. Kuinunua peke yake hakutoshi. Ukiinunua kwenye simu hakuna kugonga, lakini unatakiwa kubonyeza "check-in" kwenye tiketi hiyo kabla ya kupanda. Mkaguzi akikukuta hujafanya hivyo utalipa faini, na "mimi ni mgeni" haisaidii.

3. Panda treni sahihi

Ubao wa kituoni huandika kituo cha mwisho cha treni. Mara nyingi hutaona neno Orvieto pale, utaona Firenze, ndiyo Florence, au mji mwingine wa mbele. Soma namba ya treni kwenye tiketi, itafute ubaoni, ndipo utazame safu ya "Bin.", yaani namba ya jukwaa. Namba hiyo hutokea dakika chache kabla ya kuondoka na huweza kubadilishwa, kwa hiyo usiuache ubao mpaka uwe na hakika. Majukwaa mengine ya Termini yako mbali na ukumbi mkuu, jipe dakika 15 za kutembea.

Jambo jingine kwa sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili: ratiba zao ni za saa 24 kuanzia usiku wa manane. 08:02 ni saa mbili na dakika mbili asubuhi, na 17:30 ni saa kumi na moja unusu jioni. Nimeona watu wazima, wasomi, wakifika kituoni saa sita nzima baada ya treni kuondoka. Mkipanga safari ya kikundi, andikeni saa kwa tarakimu za ratiba na mkubaliane hivyo.

Lenga treni ya kati ya 07:00 na 08:30.

4. Panda mjini kwa funikola

Ukishuka kituoni, mji uko juu ya kichwa chako. Mbele ya kituo, ng'ambo ya uwanja, kuna kituo cha funikola, yaani behewa linalovutwa kwa kamba nene ya chuma kupanda mteremko. Ilifunguliwa mwaka 1888 na wakati huo iliendeshwa kwa uzito wa maji: behewa la juu lilijazwa maji, likashuka kwa uzito wake huku likilivuta la chini kupanda. Ilifungwa mwaka 1970, ikarudi mwaka 1990 ikiendeshwa kwa umeme. Safari ni ya dakika chache na hutoka mara kwa mara.

Nunua tiketi pale pale. Tiketi hiyo hiyo hutumika kwenye basi dogo linaloanzia juu, Piazza Cahen, mpaka mbele ya kanisa kuu, ndani ya muda ulioandikwa. Sisi basi hatulihitaji bado.

Waliokodi gari: usiliingize mji wa juu. Kuna eneo lenye kamera, alama yake ni ZTL, na faini hukufuata hata ukiwa umesharudi nyumbani. Egesha kwenye uwanja wa kituo, au Campo della Fiera upande wa pili wa jabali, ambako kuna ngazi za umeme na lifti za kukupandisha.

5. Shuka kisimani ukiwa na nguvu

Kutoka Piazza Cahen ni hatua chache tu hadi Pozzo di San Patrizio, Kisima cha Mtakatifu Patrisi. Mwaka 1527 majeshi ya mfalme mkuu Karolo V yaliipora Roma. Papa Klementi VII alifungiwa ndani ya ngome ya Castel Sant'Angelo, na mwezi Desemba akatoroka hadi Orvieto. Jabali lilimlinda dhidi ya maadui, lakini halikuwa na maji ya kutosha kustahimili mzingiro mrefu. Akaagiza kisima. Mjenzi wake, Antonio da Sangallo Mdogo, alichimba shimo la kina cha mita 53 na upana wa mita 13, na kazi ilikamilika mwaka 1537, papa huyo akiwa amekwisha kufa.

Uzuri wake uko kwenye ngazi. Ziko njia mbili zinazozunguka shimo moja, moja ya kushuka na moja ya kupanda, na hazikutani mpaka chini kabisa, kwenye kidaraja juu ya maji. Nyumbu alishuka na mapipa matupu, akavuka kidaraja, akapanda upande wa pili na mapipa yaliyojaa, asipishane na mwenzake hata mara moja. Ndiyo sababu ngazi ni pana na fupi: zilitengenezwa kwa kwato. Mwanga huingia kutoka juu kupitia madirisha ya ukuta wa ndani, na kadiri unavyoshuka unafifia. Ukifika chini, simama, tazama juu. Ukiona kile kiduara cha mbingu utaelewa kwa nini Waitaliano mpaka leo husema "kisima cha San Patrizio" wakitaja kitu kisichoisha.

Ngazi ni 248 kushuka na 248 kupanda. Hakuna lifti. Mwenye maumivu ya magoti, shida ya moyo, pumu au hofu ya sehemu zilizofungwa asishuke. Amngoje mwenzake kwenye bustani ya ngome ya Albornoz, hapo kando, penye viti, miti na mandhari ya bonde. Wazee na wajawazito nawaomba vivyo hivyo. Wanaoshuka wasikimbie wakati wa kupanda. Pumzikeni madirishani.

6. Tembea Corso Cavour, weka nafasi ya chini ya ardhi

Sasa fuata barabara ya Corso Cavour, kama dakika 15 kwa mguu hadi katikati ya mji. Utaipita Torre del Moro, mnara wa mita 47. Ukiwa na kijana mwenye nguvu zilizobaki, apande. Mimi kwa kawaida nauruka, maana kisima kimekwisha kutudai.

Elekea Piazza Duomo. Kanisa kuu litakutokea ghafla mwisho wa kichochoro. Litazame, ushangae, lakini usiingie. Geukia ofisi ya Orvieto Underground iliyoko kwenye uwanja huo huo, uweke nafasi kwenye msafara wa karibu zaidi wa Kiingereza. Huwezi kushuka peke yako, ni lazima uongozwe, na misafara hutoka kwa saa maalumu, ya asubuhi na ya alasiri.

Ziara ni ya kama saa moja. Jabali limetobolewa mapango zaidi ya 1,200 tangu zama za Waetruski: visima vyembamba, kinu cha kukamulia mafuta ya zeituni, na vyumba vyenye vishimo vya mraba vilivyopangwa ukutani safu kwa safu. Hivyo vilikuwa viota vya njiwa. Familia zilifuga njiwa chini ya nyumba zao. Ndege walitoka kwa dirisha lililotobolewa ukingoni mwa jabali, wakajitafutia chakula bondeni na kurudi jioni. Mji ukizingirwa, nyama ilijilisha yenyewe. Vijia vingine ni vyembamba, kwa hiyo mwenye mwili mkubwa amwulize kiongozi kabla ya kuingia.

7. Kula kabla jiko halijafungwa

Jikoni nyingi hufungwa mnamo 14:30 na hazifunguliwi tena mpaka 19:00. Ukichelewa utaishia kununua mkate wenye kitu ndani, na si vibaya, lakini ungekula vizuri zaidi. Omba umbrichelli, tambi nene za unga na maji zinazosokotwa kwa mkono. Wakati wa msimu huwekewa uyoga wa chini ya ardhi uitwao tartufo. Divai nyeupe ya Orvieto ina jina kubwa, wanywao wataijua. Kwenye risiti utaona neno "coperto": ni malipo ya meza, ya kila mtu, si wizi.

Kwa ndugu zangu Waislamu na wengine wasiokula nguruwe, shikeni maneno haya: maiale, prosciutto, guanciale, salsiccia, porchetta, strutto. Yote ni nguruwe au mafuta yake, isipokuwa salsiccia, ambayo ni soseji, na hapa karibu siku zote huwa ya nguruwe. Cinghiale ni nguruwe mwitu, na Umbria humkuta kwenye kila orodha ya chakula. Hata supu ya maharage huweza kuwa na vipande vya guanciale, kwa hiyo uliza: "C'è maiale?" Yaani, kuna nguruwe?

8. Sasa kanisa kuu

Tenga saa mbili. Nusu saa ya kwanza baki nje.

Papa Nikola IV aliweka jiwe la msingi mwaka 1290. Karibu miaka ishirini baadaye jengo likaonekana kuwa na udhaifu, akaitwa Lorenzo Maitani kutoka Siena, aliyeisimamia kazi hadi alipofariki mwaka 1330. Kuta za pembeni zina mistari ya mawe meupe na meusi kama kitambaa kilichofumwa. Watu hupiga picha ya mozaiki za juu na kuondoka. Wewe sogea karibu, utazame nguzo nne bapa za chini, zilizochongwa kwenye marumaru. Zisome kutoka kushoto kwenda kulia: ya kwanza ni uumbaji na Mwanzo, ya pili ni unabii na ukoo wa Yese, ya tatu ni maisha ya Kristo, ya nne ni hukumu ya mwisho. Kwenye ya kwanza mtafute Hawa akitolewa ubavuni mwa Adamu. Kwenye ya nne tazama nyuso za waliopotea. Zilichongwa miaka 700 iliyopita na bado zinalia.

Milango ya shaba ya katikati ni ya Emilio Greco, iliwekwa mwaka 1970, na inaonyesha matendo ya huruma.

Nunua tiketi kwenye ofisi ya uwanjani, kisha ingia. Madirisha ya chini yana vipande vya alabasta badala ya kioo, na jua la alasiri likipita humo mwanga wake huwa wa rangi ya asali.

Upande wa kushoto ni kikanisa cha Korporale. Inasimuliwa kwamba mwaka 1263 padre mmoja mwenye mashaka alikuwa akiadhimisha misa Bolsena, hostia ikatoka damu na kuilowesha korporale, kile kitambaa cha altareni. Kitambaa kililetwa kwa Papa Urbano IV aliyekuwa Orvieto, na hapa ndipo kinapotunzwa. Mwaka 1264, akiwa Orvieto, papa huyo alitoa hati ya kuianzisha Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo kwa Kanisa zima, na sala zake kwa mapokeo ni kazi ya Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliyekuwa akiishi mjini humu. Kama umewahi kuandamana nyuma ya Ekaristi barabarani Moshi au Bukoba, sikukuu ya maandamano yale ilitangazwa kwa Kanisa zima kutoka mji huu. Wageni wangu wengi hukaa kimya hapa kwa muda mrefu. Usiwaharakishe wako.

Upande wa kulia ni kikanisa cha San Brizio. Fra Angelico alianza kuchora dari mwaka 1447 akaondoka. Luca Signorelli akaichukua kazi mwaka 1499 na kumaliza mwaka 1504. Anza na ukuta wa kushoto karibu na mlango: Mpinga Kristo anahubiri, ana sura ya Yesu kabisa, mpaka umwone shetani anayemnong'oneza sikioni. Pembeni, wanaume wawili waliovaa mavazi meusi ndio Signorelli mwenyewe na Fra Angelico. Geuka uwatazame wafu wakijichomoa ardhini, wengine bado mifupa mitupu, wakisaidiana kutoka. Kisha ukuta wa waliolaaniwa. Watoto wadogo huweza kuogopa, wapitisheni haraka.

Zima mwanga wa kamera. Misa ikianza, maliza na utoke kwa utulivu.

9. Maliza ukingoni magharibi

Kama bado una saa moja, tembea hadi kanisa la San Giovenale, upande wa pili wa mji, penye nyumba za zamani na vichochoro visivyo na maduka ya watalii. Ukingo wa jabali uko hapo, na bonde lote liko chini yako. Kisha rudi Piazza Cahen kwa basi, ushuke kwa funikola. Uwe kituoni dakika 20 kabla ya treni, na usisahau kugonga tiketi ya kurudi.

Mambo yakienda kombo

Funikola imesimama kwa matengenezo. Huwekwa mabasi ya kupandisha watu kutoka mbele ya kituo. Uliza ndani ya kituo kabla ya kuanza kupanda kwa miguu.

Mgomo umekukuta huko huko. Siku za kazi, treni za mikoa huwa na muda wa lazima ambao sehemu ya treni huendelea hata wakati wa mgomo: 06:00 hadi 09:00 na 18:00 hadi 21:00. Panga kurudi ndani ya muda wa jioni, na uangalie orodha ya treni zilizohakikishwa.

Kimashine cha kugonga tiketi ni kibovu. Andika kwa kalamu tarehe, saa na kituo kwenye tiketi, kisha mtafute kondakta mara tu unapopanda, kabla hajakufuata yeye.

Mlichelewa, mmefika saa saba mchana. Acheni ziara ya chini ya ardhi. Kuleni, mwende kanisa kuu, na kisima kiwe njiani wakati wa kurudi, kama ofisi yake haijafungwa. Majira ya baridi hufungwa mapema, kwa hiyo mkipanda tu Piazza Cahen someni saa mlangoni.

Mvua. Kanisa, chini ya ardhi na jumba la makumbusho la Claudio Faina, linalotazamana na kanisa na lenye vyombo vya Waetruski, vyote viko chini ya paa. Ngazi za kisima huwa na unyevu, shika ukuta.

Mwenzako hawezi ngazi kabisa. Funikola, basi dogo, kanisa kuu na makumbusho vinamtosha kwa siku nzima. Mpandishe basi Piazza Cahen mkifika tu, na mkutane baadaye mbele ya kanisa, pale kwenye mnara mdogo wenye mtu wa shaba anayegonga kengele kila saa. Wenyeji humwita Maurizio, yuko hapo tangu karne ya 14, na ukimtaja kwa jina kila mtu mjini atakuonyesha alipo.